Mwenye Nyumba na Chupa ya Maji ya Ziwa

Kwenye dirisha la mwenye nyumba wetu kulikuwa na chupa ya jemu iliyojaa maji ya ziwa, na sisi wapangaji tuliitazama kabla hata ya kusalimiana. Watu wengine wakiamka huangalia mawingu. Sisi tuliulizana, "Chupa inasemaje?" Kila jioni aliteka maji pale pale ufukoni Ggaba, hapa Kampala, ambapo mtaa mzima uliteka, akayaweka dirishani yalale, na asubuhi akaiinua chupa kwenye mwanga. Kama ukijani ulikuwa umetuama chini, alikohoa tu akaenda kunywa chai yake. Lakini kama ulikuwa umepanda juu na kujikusanya shingoni mwa chupa, alitoka na kofia yake ya kufuma, akasimama katikati ya ua, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"Leo hakuna mutu kugusa maji ya ziwa. Hata kuoga. Hata kuosha sufuria."

Tulimwita landilodi, kama Kampala yote inavyowaita wenye nyumba. Alikuwa Mnubi, mstaafu wa maabara ya kupima maji, mtu aliyemaliza ujana wake jicho likiwa kwenye hadubini. Babu yake alikuwa askari wa nani, na alitoka upande gani wa Sudani, hayo waulizeni wanawe. Mimi nilimjua kama mwenye nyumba wangu, na hilo lilinitosha. Siku nyingine lilinizidi.

Nyumba zake zilikuwa vyumba vya mstari mmoja, mlango baada ya mlango, vile ambavyo hapa huitwa mizigo. Mimi nilikaa kile cha mwisho na binti yangu Neema. Mimi ni Mkongomani, nimezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Uvira, na kazi yangu ni kupika samaki karibu na soko la Ggaba. Nilipofika, sikuwa na kitu cha kujivunia ila chungu kimoja: matumbo ya samaki. Unayaosha kwa chumvi na ndimu, unaacha uchungu kidogo wa nyongo usipotee wote, unatia mawese, pilipili na nyanya chungu, unaacha vichemke polepole. Mama yangu alipika hivyo, na mama yake pia. Wakongomani wa Nsambya na Nateete walipanda teksi, zile matatu za huku, kuja Ggaba kwa ajili ya chungu kile. Mwanamume mmoja alikula siku moja akalia mbele za watu, akasema amemkumbuka marehemu mama yake. Mpishi akishapata sifa kama hiyo anatafuta nini tena?

Nilikuwa natafuta sifa moja zaidi, ya mwenye nyumba. Mzee yule alikula kila kitu nilichopika, wali, maharage, samaki wa kukaanga, hata bugali, ugali wetu wa muhogo, alioubandika jina la saruji. Chungu kile hakukigusa. Na kilichonikera zaidi ni kwamba alikitamani. Akipita kwenye kibanda changu alisimama upande ule ule ambao mvuke ulielekea, akafumba macho, akavuta harufu, na koo lake likapanda na kushuka kwa mate. Nikimwekea sahani, anarudi nyuma hatua moja.

"Harufu iko sawa," anasema. "Harufu haina sumu."

Alikuwa na misemo yake, na hakuna aliyejua kama ni ya Wanubi au ameitunga mwenyewe. "Ini halina mdomo" ndio alioupenda kuliko yote. Maana yake, alisema, ini linaweza kuumia miaka na mwenye nalo anacheka tu, mpaka siku linachoka. Mwingine ulikuwa, "Ngege ni ng'ombe ya ziwa." Ngege ni yule samaki mpana tunayempika sana hapa. Anakula mwani, ule ukoga wa kijani, kama ng'ombe anavyokula majani. Mwani wa aina fulani, ule unaopanda juu ya chupa, una sumu. Samaki mdogo anaula, mkubwa anamla mdogo, na sumu inapita kutoka tumbo hadi tumbo mpaka ifike kwenye sahani. Na inapenda kukaa wapi? Kwenye ini na utumbo. Mnofu unapata kidogo. Aliyaeleza haya kwa kila mpangaji mpya kabla hata ya kumpa ufunguo, na mpangaji alikubali yote kwa sababu alitaka ufunguo.

Jambo ambalo lilikataa kabisa kuwaingia watu vichwani lilikuwa la kuchemsha. Tangu tuko wadogo tumeambiwa maji yakichemka yamepona. Jirani yetu mmoja, mama wa Kiganda mwenye moyo mzuri, alikuwa akiona maji yamekuwa ya kijani anaongeza kuni. Kadiri yalivyozidi ukijani ndivyo alivyozidi kuchemsha.

"Randirodi, mimi nachemusha sana," alimwambia siku moja, akijivuna. "Mpaka inabaki nusu!"

Mzee alishika kichwa. "Nyabo, banange! Moto naua mududu. Sumu si mududu. Wewe nachemusha mpaka nusu, maji naenda juu, sumu nabaki chini, sasa iko nguvu mara mbili. Wewe napikia watoto wako sumu na kuni ya bei."

Mama yule alisimama, jerikeni mkononi, akafikiri. "Kumbe kuni ndiyo napotea bure," akasema, na nadhani ni hizo kuni zilizomwongoa.

Usidhani alikuwa mtu wa kuhubiri tu. Ziwa lilipochafuka vibaya, alifungua bomba lake la ndani, lile la maji ya mji, na kuwaita watu wa mteremko mzima waje kuteka. Yeye alikaa kwenye kiti na fimbo, akipanga foleni ya majerikeni ya manjano kama afisa wa trafiki. Hakuruhusu mtu kuruka mstari. Binti yake wa damu alikuja kutoka Nateete na jerikeni moja, mzee akamwelekeza nyuma kabisa kwa fimbo, na yule binti, mwanamke mzima mwenye mume na watoto, alienda nyuma akinung'unika na sisi tukimcheka.

Na mtu huyo huyo aliyelijua ziwa kuliko sisi sote hakuwahi kupanda mtumbwi hata siku moja. Aliliogopa. Akiteka maji ya chupa alivua viatu, akakunja suruali, akaingia hadi kwenye vifundo vya miguu, akainama na kutoka mbio wimbi dogo likimkaribia. Wavuvi walimpigia miluzi. Koti lake jeupe la maabara, ambalo wenzake nadhani wangelitunza kwa heshima, yeye alilivaa mara moja kwa mwaka, kuchinja mbuzi wa Idd. Alisema ndilo vazi lake pekee ambalo likishika damu, ukilifua hutoka.

Kisha kulikuwa na mukene, wale dagaa wadogo wa fedha. Kila Ijumaa baada ya swala alikula mukene kwa mchuzi wa karanga, wazima wazima, kichwa, macho, tumbo na vyote. Nilimkuta siku moja, nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee, hao umeshawatoa matumbo?"

Alitafuna polepole ili apate muda. "Hawa wanavuliwa mbali," akasema. "Huko katikati. Maji nzuri."

"Ulikwenda kuyaona?"

"Mwenye kuuza aliniambia."

"Mwenye kuuza!" Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mtu asiyeamini maji ya Mungu mpaka yalale dirishani, anaamini neno la muuza dagaa. Kweli mganga hajigangi. Alinitazama kwa hasira, akachukua mukene mwingine.

Tuligombana mara moja tu, na sababu ilikuwa chungu changu. Lilikuwa juma ambalo chupa ilionyesha ubaya kila asubuhi. Alikuja kibandani mchana, watu wamejaa, akasema mbele ya wateja wangu wote, "Leo msile ile matumbo. Mama huyu ni mutu muzuri, lakini leo anawapa sumu."

Maneno yale yalinikata maini. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kwetu, bila kupunguza: "Mzee, hii ni chakula ya kwetu. Mama yangu alikula, bibi yangu alikula, hakuna mwenye alikufa. Na ukimchunguza sana bata, hutamla!"

"Ndiyo maana mimi nachunguza," akajibu.

"Kwetu tunakunywa maji ya ziwa na mikono!"

Hapo akaniuliza kwa upole, kama vile hatugombani, "Maji ya kwenu iko rangi gani?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba ukisimama ndani hadi kifuani unaona vidole vyako vya miguu na samaki wadogo wakivinusa. Kwamba mama alikuwa akitutuma tumletee sufuria ya maji ya kupikia kutoka ziwani, na tuliileta kama tulivyoiteka.

"Basi mama yako hakukosea," akasema. "Wewe ulihama na chungu, ziwa halikuhama na wewe."

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa. Tangu siku ile, kila nilipotoka chumbani asubuhi niliwasalimia bata aliowafuga uani nikampita yeye. "Hamjambo, mabata," nasema, na yeye amekaa pale pale na chai yake. Bata waliitikia vizuri kuliko watu wengi.

Aliwapenda mno bata wale. Aliongea nao Kinubi, akawakemea, akawabembeleza, akawanyima ruhusa ya kutoka. Na alikuwa na sababu, maana ziwa lilikuwa chini tu ya mteremko. Lakini Ijumaa moja alichelewa swala, akatoka mbio, na geti la waya akaliacha wazi. Yeye mwenyewe. Bata wakateremka kwenye ghuba ndogo ambako upepo ulikuwa umesukuma mwani wote, mzito kama rangi ya kupaka mlango, wakaogelea humo kwa furaha na kunywa. Saa za alasiri walikuwa wamelala uani shingo zimenyooka, mmoja baada ya mwingine.

Wapangaji tulikusanyika. Sitawaficha, masikitiko yetu yalichanganyika na kitu kingine. Kijana wa bodaboda aliyekaa chumba cha tatu alishaanza kuulizia maji ya moto ya kunyonyolea.

"Landilodi, pole sana, sebo. Lakini hii ni nyama ya bure."

Mzee alikuwa ameshika jembe, anachimba nyuma ya choo, machozi yanamtoka waziwazi. Hakuinua kichwa. "Kama unataka kula, mimi naongeza upana ya shimo," akasema, na kijana akarudi nyuma.

Kabla ya kuwafukia alimpasua mmoja kwa kisu chake cha Idd, akanyoosha mkono kuniita. Hatukuwa tumesemeshana kwa wiki kadhaa. Nikaenda. Akafunua tumbo akanionyesha ini. Mimi nimepasua bata na kuku tangu utotoni, ini la bata nalijua. Lile lilikuwa limevimba, jeusi, limejaa damu ndani hadi linapasuka likiguswa. Nyama ya kifua ilikuwa kama nyama yoyote. Hakusema neno, na hicho ndicho nilichomshukuru. Angesema "si nilikuambia," ningepika matumbo mpaka leo kwa ukaidi tu.

Aliwafukia, akasawazisha udongo, akaleta kiti chake, akakaa juu ya kaburi lile mpaka Magharibi. Alitujua wapangaji wake. Mimi niliteremka kibandani, nikatoa matumbo yote niliyokuwa nimeshayaosha kwa ajili ya kesho yake, nikayafukia pia, ili mbwa wasije wakayala. Nilikuwa na uchungu kweli. Kwangu ilikuwa kama kumzika mama mara ya pili, na sioni aibu kusema hivyo.

Wateja wa kwetu walinung'unika. "Mama Neema amekuwa Muganda," walisema, wakasusa. Wengi walirudi baadaye kwa sababu samaki wangu wa kukaanga ni mzuri na njaa haina uvumilivu. Asubuhi ya pili nilimsalimia mwenye nyumba kwa jina la heshima, naye akaitikia kana kwamba nilikuwa nimemsalimia kila siku. Ila tangu hapo, akipita kibandani, bado alisimama upande ule ule wa mvuke. Anavuta harufu, hapati kitu ila mafuta ya kukaangia, anaondoka. Nilimwona. Nikajua kwamba kile chungu kilitupotea sisi wawili, mimi niliyekipika na yeye ambaye hakukionja.

Sasa anakaa Nateete kwa yule binti yake wa nyuma ya foleni. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Wanawe wanataka afanyiwe upasuaji, naye anaahirisha, eti daktari ni mdogo mno. Siku aliyohama alinipa chupa ya jemu, bila maelezo, kama mtu anayekurudishia sufuria yako. Ninaiweka dirishani kwangu. Vyumba anavisimamia mwanawe, lakini asubuhi wapangaji mlango wanaougonga ni wangu. "Mama Neema, chupa inasemaje?" Nami siku hizi nina sauti ile ile ya msiba.

Mwezi uliopita dada yangu mdogo, aliyebaki kwetu ziwani, alinitumia mzigo kwa mfanyabiashara anayekuja Kampala. Nilipofungua nilikaa chini. Samaki wadogo wa miamba, wamekaushwa kwa moshi wazima, na matumbo yao ndani, kama mama alivyokuwa akifanya. Nilijua papo hapo ni wa nani.

Jumapili niliwapika kwa mawese na nyanya chungu, nikafunga chungu kwa kitenge, nikapanda teksi hadi Nateete. Teksi nzima ilinigeukia kwa harufu. Binti yake alinikaribisha, akanipeleka uani, alikokuwa amekaa Mzee kivulini mwa ukuta na redio. Kabla sijasalimia, aliinua pua.

"Mama Neema," akasema. "Umerudia."

"Shikamoo, Mzee. Sijarudia. Hawa si wa huku."

"Wa wapi?"

"Wanavuliwa mbali," nikamwambia. "Huko kwetu. Maji nzuri."

Akatambua maneno yake mwenyewe, midomo ikamchezacheza. Lakini alikuwa ni yeye yule. "Nani aliona hiyo maji? Mwenye kuuza?"

Nilikuwa nimejiandaa, namjua. Nilitoa simu, nikampigia dada yangu kwa video. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwomba ateke glasi ya maji ya ziwa na kuilaza dirishani, na alinitukana kwanza ndipo akakubali. Sasa akaishika mbele ya kamera, jua likiwa nyuma yake.

"Mwambie huyo baba hatuna kichaa huku," dada akasema. "Tangu jana nalinda glasi, watoto wanasema nimerogwa."

Mzee aliichukua simu, akaileta karibu na jicho moja, halafu jingine. Akaifuta kioo kwa kanzu. Akajaribu tena. Kisha akanirudishia taratibu, na mkono wake haukujua pa kwenda baada ya hapo.

"Sioni kitu," akasema. "Nitazamie wewe."

Nilitazama glasi ile vizuri kuliko nilivyowahi kutazama chupa yoyote. Nilimwomba dada aigeuze polepole.

"Juu kuna nini?" akauliza.

"Hakuna."

"Shingoni? Hata mustari mwembamba?"

"Hakuna, Mzee."

"Chini?"

"Mchanga kidogo."

"Mchanga hauna kosa. Na katikati?"

"Naona vidole vya dada yangu upande wa pili. Naona hadi pete."

Najua alichokuwa akipima. Glasi ni ya jana, samaki walivuliwa muda kabla yake, na shahidi ni mpishi mwenyewe. Angeweza kukataa kwa hoja yoyote kati ya hizo, na miaka ya nyuma angezitaja zote.

"Kale, haya," akasema. "Lete."

Binti yake aliwahi na maji ya kunawa. Niliweka bugali, nikafungua kitenge, nikauelekeza mkono wake kwenye sahani. Alimshika samaki mmoja, akampapasa kwa vidole mpaka akalipata tumbo, akalitia mdomoni lenyewe kwanza, bila bugali, akafumba macho ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa. Alitafuna muda mrefu. Mimi nilikuwa sijakaa bado, chungu mkononi, naogopa kama msichana anayepikia wakwe.

Akameza. Akageuza uso kunitafuta nilipo.

"Mama Neema," akasema, kwa ile sauti yake ya kutangaza msiba, "kumbe miaka hii yote ulikuwa unaninyima!"

Dada yangu, ambaye tulisahau kukata simu, aliangua kicheko kutoka ng'ambo. Mzee alikuwa ameshanyoosha sahani aongezewe, nami nikamwongezea.